Arobaini Mbili za Kazija

Mkwe wangu Kazija alimaliza chuo na GPA ya mbili nukta tano, na kwa miaka tisa kila aliyeuliza imekuwaje aliambiwa ni mambo ya nyumbani. Mambo ya nyumbani ni mimi. Naitwa Nada, nakaa mjini, mtaa wa Kiponda, juu ya duka la vitambaa, na habari hii naisimulia mwenyewe kabla hajaisimulia dada yangu Ghaliya, maana yeye hapiti penye chungu cha mtu asikitie pilipili.

Kwa asiyejua, GPA ni wastani wa alama zote za mwanafunzi toka siku aliyoingia chuoni mpaka siku aliyotoka. Juu kabisa ni tano. Mwenye mbili nukta saba anaweza kuomba shahada ya pili. Mwenye mbili nukta tano hupewa cheti chake, hupigiwa vigelegele, kisha hufungiwa mlango taratibu. Mimi mwanzo nilidhani ni jina la maradhi, kwa namna Kazija alivyokuwa akilitamka.

Kazija ni mtoto wa kijijini, Fumba. Mwanangu Salem ni fundi wa majokofu. Alikwenda kule kutengeneza jokofu, akarudi na habari ya msichana. Nasema kweli, sikufurahi. Watu wa mji tuna kiburi chetu, hasa sisi ambao babu zetu walikuwa na mashamba na leo hatuna hata mnazi mmoja. Kilichobaki ni kiburi chenyewe, basi tunakitunza. Nilitaka binti wa mtaa wa pili ambaye namjua mpaka bibi yake. Akaja huyu, mwembamba, maneno machache, anasomea viumbe vya baharini. Mwaka wake wa kwanza alama zilikuwa za kujivunia, na ndoa ilifungwa alipoumaliza.

Suhaib, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa mwaka wa pili wa masomo, siku kumi kabla ya mitihani. Kwa desturi yetu mzazi wa mara ya kwanza hukaa arobaini kwa mama yake. Mama yake Kazija alikwishafariki, kwa hiyo arobaini ikawa kwangu, na mimi si mtu wa kufanya jambo nusunusu. Asubuhi kukandwa kwa maji ya moto, jioni kukandwa tena, mkaja wa tumbo umekazwa mpaka pumzi zinahesabika, uji wa pilipili manga, mafusho ya udi, na mlango wa chumba haufunguliwi ovyo. Mzazi hatoki. Akipigwa na upepo, halafu akiumwa na mgongo siku za utu uzima wake, nani atalaumiwa?

Siku ya nane aliniomba ruhusa. Mitihani ni minne tu, alisema, atakwenda na kurudi, Salem atampeleka kwa gari mpaka mlangoni. Nikamwambia mtihani hurudiwa, kizazi hakirudiwi. Maneno mazuri, yalinipendeza hata mimi niliyeyasema. Kazija hakubishana. Aliomba karatasi, akaandika barua ya kuomba kuahirisha mitihani, akaibana pamoja na nakala ya kadi ya kliniki. Salem alitaka kuipeleka mwenyewe. Nikamwambia ya nini kusumbuka, na binamu yangu Wakil ni mtunza ghala pale pale chuoni, na leo alasiri anakuja kumuona mtoto? Nipeni mimi.

Hapa nataka nieleweke, hata kama sitasamehewa. Katika mji wetu mambo hayaendi kwa karatasi, huenda kwa watu. Ukitaka nafasi ya mtoto madrasa, ukitaka fundi wa paa, ukitaka kujua mchumba ni mtoto wa nani, unapeleka salamu kwa mtu wako, naye anapeleka kwa mtu wake. Kumkabidhi Wakil barua mbele ya sinia ya haluwa niliona ni kumfanya tarishi, kama kwamba siuamini mdomo wake. Basi barua ikabaki chini ya mto niliokuwa nimeegemea, nami nikasema kwa kinywa: mkwe wangu yumo kwenye arobaini, wambie huko chuoni. Wakil akasema inshallah. Nikaiamini inshallah ya mtu mwenye haluwa mdomoni. Kazija aliponiuliza habari ya barua yake nilimjibu neno moja.

"Ishafika."

Siku ya arobaini na moja alikwenda chuoni, akakuta mbele ya mitihani yote minne imeandikwa kwamba hakuhudhuria, bila ya taarifa. Akasema barua ililetwa. Wakatafuta, wakamwambia haipo. Wakil alikuwa amefikisha salamu kweli, lakini kwa wenzake wa ghalani, nao wakamrudishia pongezi za mtoto. Kamati ya chuo ilimhurumia, ikamwachia afanye mitihani ya marudio, ile ambayo wanafunzi huiita sapu. Lakini sapu pale ilikuwa na sheria yake: hata ukijibu yote sawasawa, unaandikiwa C. Kazija alifaulu yote minne, akaandikiwa C nne. Nyumbani tukasema Wakil kaharibu. Wa kwanza kusema nilikuwa mimi.

Barua niliikuta chini ya mto siku ya kufua foronya. Nikaitia ndani ya sanduku la njumu za shaba la marehemu mama yangu, chini ya hati ya nyumba. Kuichana sikuweza, na kuitoa nako sikuweza.

Sitasema GPA yote niliiangusha mimi. Mwaka wa tatu Kazija alisoma kama mtu aliyekwisha hukumiwa. Vipindi vingine hakuenda, na karatasi ikirudi na alama mbaya aliikunja mara nne akaitia kwenye mkoba, hamuulizi mwalimu wala hamuonyeshi mumewe. Haya ilimzidi. Akamaliza na hiyo mbili nukta tano yake, akalikunja joho, akalirudisha lilikoazimwa.

Kazi aliyoipata ilikuwa Kiwengwa, kwa akina mama wanaolima mwani, wenye ushirika wao karibu na mahoteli makubwa. Siku tatu kwa wiki anaamka alfajiri kuwahi maji yanapotoka, anapima joto la bahari, anaandika kwenye daftari kamba ipi mwani wake umenawiri na ipi umegeuka mweupe na kuoza. Mwani siku hizi unakufa. Maji ya karibu na pwani yanapata moto, na wanawake wanavuna vijiti vitupu. Kazija aliona kwamba kamba zilizosogezwa kwenye maji ya kina huponea, ila huko hakufikiki kwa miguu, na wengi wa wale akina mama hawajui kuogelea. Alitaka kutafuta njia, na njia hiyo ilitaka shahada ya pili, maabara na mtu wa kumsimamia. Bi Sichana, mkubwa wao pale ushirikani, alimwambia mbele yangu kwamba wao hawana haja na mtaalamu wa kupita na kamera. Wanamtaka yeye, akasome, arudi.

Aliomba mara mbili. Mara mbili alijibiwa kwamba wastani wake haujafika. Mara ya pili nilimkuta jikoni anakuna nazi, machozi yanamtiririka, na nazi haina vitunguu vya kusingizia. Niliumia. Niliingia chumbani nikakaa juu ya lile sanduku, na hapo pia sikusema kitu.

Salem alishauri arudie shahada ya kwanza yote, miaka mitatu. Mwalimu wake wa zamani, Dokta Muhiddin, ndiye aliyempa njia. Alimwambia GPA ya shahada iliyokwisha haibadiliki tena, maji yakimwagika hayazoleki, lakini unaweza kuteka maji mengine. Asome stashahada ya uzamili, mwaka mmoja. Akiimaliza na wastani wa tatu au zaidi, baadhi ya vyuo vitamtazama kwa alama hizo mpya, pamoja na kazi yake ya Kiwengwa. Atatakiwa pia aeleze kwa maandishi, na kwa ushahidi kama upo, ni kitu gani kilimpata mwaka wa pili. Kazija alinieleza yote hayo huku anakunja nguo. Aliposema "ushahidi" hakunitazama.

Akaanza. Nami nikaanza, kwa upande wangu. Nilichukua jiko, nikamchukua Suhaib, nikamchukua na mdogo wake Tahir, nikamwambia Salem shati lake atalipiga pasi mwenyewe, mikono anayo. Ghaliya akaja kutoka mtaa wa Malindi kuniuliza tangu lini mama mkwe anageuzwa mtumishi wa mkwe. Nikamwambia tangu Jumatatu.

Kitu kilichonishangaza ni jinsi Kazija alivyobadilika. Jaribio la kwanza la takwimu alipata arobaini na moja kwa mia. Alirudi nyumbani akafua mapazia yote ya nyumba, hata ya chumba changu, na mimi nikajua tumerudi kule kule. Kesho yake asubuhi akaitoa ile karatasi kwenye mkoba, akaikunjua, akarudi nayo chuoni kumuuliza mwalimu kila alama imepotelea wapi. Kisha akamuomba ruhusa azifanyie mazoezi zile namba zake za Kiwengwa, za joto na mwani, badala ya mifano ya kitabuni ya nchi zenye theluji. Jaribio la pili alipata sitini na nane. Toka siku ile kila karatasi iliyorudi, nzuri na mbaya, aliibandika kwenye mlango wa jokofu watu wote waione. Tahir alidhani ni mapambo.

Muhula wa kwanza haujafika mbali akapata mimba. Haikuwa imepangwa, lakini riziki ya Mungu hairudishwi. Tulipohesabu miezi, mtoto angekuja mwezi ule ule wa mitihani ya mwisho. Kazija akahesabu tena kwenye kalenda ya ukutani, akasema basi, ataomba kuahirisha mpaka mwakani. Alisema kwa sauti ndogo, ile ile ya siku ya nane.

Sumaiya alizaliwa siku kumi na mbili kabla ya mtihani wa kwanza. Mzazi mzima, mtoto mzima, alhamdulillahi. Nikamkanda, nikamfunga mkaja, nikampikia uji, yote kama desturi. Siku ya saba alipokuwa amekaa kitandani ananyonyesha, nilimwambia achukue kalamu. Nilimwambia aandike barua kwa chuo: kwamba amejifungua, kwamba atafanya mitihani yote, na kwamba anaomba akae karibu na mlango na aruhusiwe kutoka mara moja kumnyonyesha mtoto. Aandike nakala mbili.

"Mama, na arobaini?"

"Arobaini ntakwenda nayo mimi. Wewe andika."

Salem akanyoosha mkono aipeleke. Nikakataa. Nilivaa buibui langu jipya nikaipeleka mwenyewe, nikapanda ngazi tatu na magoti haya, nikamwambia kijana wa ofisini agonge muhuri kwenye nakala yangu. Akasema haina haja, bibi, tumeshaipokea. Nikamwambia mwanangu, mimi naijua barua isiyogongwa muhuri inafika wapi. Akagonga.

Mitihani ilikuwa mitatu. Mara zote tatu nilikaa kwenye benchi la ukumbini nje ya chumba, Sumaiya mapajani, na kapu miguuni: chupa ya uji wa pilipili manga, kanga nne, mafuta ya karafuu ya kumpaka mgongoni akitoka. Kazija aliingia amefungwa mkaja juu ya gauni na soksi miguuni kwenye joto lile, kwa sababu ruhusa ya kutoka nilimpa, ya kuacha soksi sikumpa. Watu walitutazama. Ghaliya alikuwa amekwisha tangaza Malindi yote kwamba nimemtoa mzazi nje akiwa na siku kumi na mbili, na kama kitamfika kitu ni juu yangu. Niliogopa, tena sana. Kila mlango ulipofunguliwa niliinuka na mtoto. Mara moja kila siku, msimamizi mmoja wa kike alimleta Kazija kwenye chumba kidogo cha pembeni, akanyonyesha dakika kumi huku midomo yake inachezacheza, anajikumbusha fomula, kisha akanirudishia mtoto bila neno akaingia tena. Siku ya tatu alipotoka kwa mara ya mwisho aliinywa chupa nzima ya uji akiwa amesimama.

Matokeo yalitoka baada ya arobaini. Tatu nukta saba. Salem alilia kabla ya mkewe. Mimi nilipiga kigelegele mpaka mwenye duka la vitambaa akatoka nje kuuliza nani kaposwa.

Ikabaki kuomba shahada ya pili. Fomu ilitaka yale maelezo ya mwaka wa pili. Kazija aliandika mezani baada ya sala ya alasiri, watoto wako madrasa, mdogo amelala. Alipomaliza alinisomea, kwa kuwa katika mwaka ule ilikuwa ada yake kunisomea kila alichoandika. Ilikuwa fupi. Ilisema nilijifungua, nilikuwa katika arobaini, na sikupeleka taarifa chuoni kwa wakati.

Sikupeleka. Yeye, aliyeandika barua kwa mkono wake siku ya nane. Niliona haya iliyonifika mpaka kwenye masikio. Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku la njumu, nikaitoa hati ya nyumba, nikaitoa barua. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kibanio kimeota kutu, lakini tarehe ilisomeka, na nakala ya kadi ya kliniki ilikuwapo nyuma yake. Nikaiweka mbele yake juu ya meza.

"Wakil hana kosa," nikamwambia. "Barua sikumpa. Niliikalia."

Kazija hakuishika. Aliitazama tu, kama mtu anayetazama kitu chake alichokiazimisha.

"Nnajua, mama."

Nikamuuliza unajua nini.

"Niliiona mwaka ule wa tatu. Ulinituma nikutolee hati ya nyumba, ilikuwa chini yake. Nikairudisha."

Nikavuta kiti, nikakaa. Miaka tisa nilikuwa naficha kitu kwa mtu aliyekiona. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini aliniacha nikamsema Wakil kwenye kila harusi na kila hitima.

"Sapu nshafanya, alama zisingeongezeka," alisema. "Ningekugombeza, halafu Suhaib angelelewa na nani?" Kisha akaongeza, bila ya hasira yoyote: "Na nilitaka unipe mwenyewe."

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee, na kata ilikuwa ikiteka maji nyumbani kwangu kila siku, na mimi simo. Nililia. Naye akalia, kisha tukacheka kwa sababu Sumaiya aliamka akatuona tunalia akajiunga.

Nilimwambia alifute lile neno. Akasema liache, mama, si kitu. Nikamwambia ni kitu. Kama chuo kinataka kujua, kijue sawasawa. Akaandika upya: kwamba barua iliandikwa tarehe hii, na kwamba haikufikishwa. Mimi nikaomba kalamu, nikaandika chini yake kwa mkono wangu kwamba mimi, Nada, mama mkwe wa mwombaji, ndiye niliyekabidhiwa barua hiyo na sikuifikisha. Nikatia sahihi na tarehe. Ghaliya alipopata habari alisema nimejiaibisha mpaka serikalini. Nilikwenda pia kwa Wakil, na haluwa. Alinisamehe baada ya kula.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Amekubaliwa. Dokta Muhiddin atamsimamia, na utafiti wake ni wa mwani wa maji ya kina, pale pale Kiwengwa. Bi Sichana ametoa sharti la kwanza, kwamba wanawake wa ushirika wafundishwe kuogelea, naye mwenyewe ameshaanza, na Kazija anasema anapiga maji kwa hasira.

Mambo bado ni mengi. Miaka miwili si michache, Sumaiya anaota meno, na takwimu ndiyo kwanza zinazidi. Jumatatu aliyoanza masomo, Kazija aliondoka mapema kuwahi bahari. Juu ya meza aliacha bahasha ya fomu ya usajili, na kijikaratasi cha kumwambia Salem aipeleke chuoni kabla ya saa sita. Salem alikuwa bado anakunywa chai. Nilimpa Sumaiya amshike, nikavaa buibui, nikaichukua bahasha, nikashuka ngazi.